Silvio Pellico: kitabu kisicho na siasa kiliidhuruje Austria?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa historia. Nikiandaa somo la kuungana kwa Italia nimekutana na jina la Silvio Pellico, mwandishi aliyefungwa na Waaustria kwa sababu ya uzalendo wake. Kila anayemtaja anasema kitabu chake cha gerezani kiliiumiza Austria kuliko kushindwa vitani. Nikakitafuta, nikakisoma chote. Siasa sikuiona. Nimeona mtu anasali, anawasamehe waliomfunga, anamwonea huruma hata askari jela. Je, alikuwa mzalendo kweli, au walimvunja akanyamaza? Na kitabu cha namna hiyo kiliwezaje kuidhuru dola?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Umesoma vizuri. Wengi wanaoukariri msemo huo hawajakifungua kitabu chenyewe, *Le mie prigioni*, yaani "Magereza yangu". Siasa kweli haimo, na mwenyewe anatuambia hivyo mapema. Sura ya kwanza inaanza kwa kusema kwamba alikamatwa Milano siku ya Ijumaa, tarehe 13 Oktoba 1820, akapelekwa gereza la Santa Margherita. Papo hapo anaongeza kwamba habari za kesi hatazieleza. Yeye, anasema, ni kama mtu aliyetendewa vibaya na mpenzi wake, akaamua kununa kwa heshima: anaiacha siasa hapo ilipo, anazungumza mengine.

Tazama lakini anavyouweka mfano wake. Mtu hamnunii asiyempenda.

Nianze na uzalendo wake. Pellico alizaliwa Saluzzo, mji mdogo wa Piemonte, mwaka 1789. Ujanani alikaa miaka kadhaa Lyon, Ufaransa, kisha akarudi kwa wazazi wake waliokuwa wamehamia Milano, akapata kazi ya kufundisha Kifaransa katika shule ya yatima wa askari. Wakati huo Milano ilikuwa chini ya Napoleon. Napoleon alipoanguka, wafalme wa Ulaya walikaa Vienna, mji mkuu wa Austria, na kuigawana ramani, na mwaka 1815 Lombardia na Veneto zikawekwa chini ya mfalme mkuu wa Austria, Franz wa Kwanza. Italia haikuwa nchi. Lilikuwa jina la lugha na la mashairi ya kale, na kila kipande kilikuwa na bwana wake.

Mwaka huohuo, tarehe 18 Agosti, tamthilia ya huzuni (tanzia) ya Pellico iitwayo *Francesca da Rimini* ilichezwa Milano. Kisa ni kile cha Francesca na Paolo, wapendanao ambao mshairi wa kale Dante aliwaweka Jehanamu katika utenzi wake. Mshairi Ugo Foscolo, rafiki yake mkubwa, alikuwa ameisoma akamshauri aitupe motoni, wafu wa Dante waachwe wapumzike. Pellico hakumsikiliza, na alifanya vyema. Mwigizaji Carlotta Marchionni alipocheza Francesca, ukumbi ulishangilia. Ndani ya mchezo Paolo anarudi kutoka vitani, amechoka kumwaga damu kwa ajili ya kiti cha enzi cha Byzantium, dola ya kigeni, na anasema kwamba kuanzia sasa atapigana kwa ajili ya Italia yake, yenye raia mashujaa. Mistari hiyo michache ndiyo watu waliyotoka nayo ukumbini vifuani. Leo ukiisoma utaona ni maneno ya kawaida tu ya jukwaani. Ila fikiria kuyatamka mwaka ambao Austria imekabidhiwa mji.

Baada ya hapo Pellico alikaa nyumbani kwa Count Luigi Porro Lambertenghi akiwafundisha watoto wake. Nyumba hiyo ilikuwa kama baraza: waandishi, wageni, wenye mali waliotaka mambo yabadilike. Hapo ndipo lilipozaliwa gazeti *Il Conciliatore*, yaani "Msuluhishi", na Pellico ndiye aliyelibeba katika kazi ya kila siku. Lilianza tarehe 3 Septemba 1818, likitoka mara mbili kwa wiki kwenye karatasi ya rangi ya buluu. Liliandika juu ya tamthilia, kilimo, shule na uchumi. Mambo ya amani kabisa! Porro na rafiki yake Federico Confalonieri walikuwa pia wakihangaika kuleta meli ya mvuke katika mto Po na shule ambazo wanafunzi wakubwa huwafundisha wadogo. Wadhibiti wa Austria walielewa haraka kwamba watu wanaozungumza hivyo juu ya shule na mito wanajizoeza kuitawala nchi yao wenyewe. Walikatakata makala hadi gazeti likashindwa kupumua. Mwezi Oktoba 1819, baada ya matoleo 118, lilikwisha.

Sasa ingia Carbonari, jina lenye maana ya wachoma makaa. Kilikuwa chama cha siri chenye viapo, ngazi na lugha ya mafumbo. Mwaka 1820 mwanamuziki mmoja kijana kutoka Forlì, Piero Maroncelli, alimwingiza Pellico. Kwa maoni yangu Pellico hakuwa na kipaji chochote cha njama, na Maroncelli alikuwa naye sawasawa. Tarehe 29 Agosti 1820 serikali ilitangaza kwamba kuwa mwanachama wa Carbonari ni uhaini, na adhabu yake kifo. Wiki chache baadaye barua ambayo Maroncelli alimwandikia ndugu yake ikanaswa. Yeye akakamatwa tarehe 6 Oktoba, Pellico wiki moja baadaye. Kwa hiyo uanachama wake ulidumu kipindi kifupi mno, na wala hakuna askari aliyejeruhiwa wala ofisi iliyochomwa kwa mkono wake. Miaka kumi kasoro miezi miwili na nusu ndiyo aliyolipia.

Hapa ndipo penye sehemu ngumu ya swali lako, na sitakuficha. Huko Venezia, mbele ya hakimu mpelelezi Antonio Salvotti, Pellico alikana kwa muda mrefu, hatimaye akakiri uanachama wake. Salvotti alikuwa hodari wa kazi hiyo: mpole wa sauti, mvumilivu, na mwenye kujua kuwagonganisha washtakiwa kwa maneno yao wenyewe. Haya yote utayakosa kitabuni. Pellico anaruka kesi nzima, ukurasa mmoja yuko mahabusu, kurasa kadhaa mbele amekwisha kuhukumiwa. Wanaompenda husema alinyamaza ili asiwachongee waliobaki. Nami nakubali, kwa kuwa kitabu kilipotoka wenzake kadhaa, Confalonieri akiwemo, walikuwa bado gerezani. Ila naona pia kimya cha mtu ambaye hataki kurudi kwenye chumba kile alichosalimu amri. Kwa hiyo ukiniuliza kama walimvunja, nitasema ndiyo, walimvunja mahali fulani, kama wanavyovunjwa watu wengi wa kweli. Kitabu kinaanzia baada ya hapo.

Tuingie gerezani sasa, maana huko ndiko jibu la swali lako la pili liliko.

Santa Margherita, Milano, lilikuwa zamani jengo la watawa. Humo Pellico anakutana na mtoto wa miaka mitano au sita, bubu asiyesikia, mwana wa wahalifu, ambaye polisi walikuwa wakimlea kwa kukosa pa kumpeleka. Mtoto anakuja chini ya dirisha, Pellico anamtupia mkate, anaruka kwa furaha. Nyuma ya ukuta kuna wanawake wafungwa, na sauti ya mmoja wao, Maddalena, inaimba. Hawajapata kuonana. Anaipenda sauti kwa sababu haina ukali. Hayo ndiyo "matukio". Msomaji aliyezoea vitabu vya mapambano anasubiri njama ya kutoroka, naye anapewa mkate na wimbo.

Februari 1821 alihamishiwa Venezia, katika vyumba vya Piombi vilivyoko juu kabisa ya jumba la watawala wa zamani wa mji ule, chini ya paa la madini ya risasi. Jua la kiangazi likilipiga paa lile, chumba kinakuwa tanuri, na mbu wanaingia kwa makundi. Alikuwa akiandika juu ya meza ya mbao, kisha anakwangua maandishi kwa kipande cha kioo na kuanza upya. Alilisha sisimizi dirishani. Alimfuga buibui kwa kumpa wadudu, hadi akawa anakuja mkononi mwake. Binti wa mlinzi, anayemwita Zanze, alimletea kahawa nzito inayomsaidia kukesha, na akawa anamhadithia mambo yake ya mapenzi. Kuna pia kipindi ambacho Biblia yake ilikaa hadi ikaingia vumbi. Kijana mmoja akamwambia kwamba tangu aache kusoma lile dude hana tena huzuni nyingi. Pellico aliona aibu, akaifuta vumbi.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu wa historia, nikuonye hapa. Mwaka 1833 mwandishi Mfaransa Chateaubriand alifika Venezia akamtafuta Zanze, naye akakanusha sehemu ya yale yaliyosimuliwa juu yake. Kumbukumbu za gerezani zimepita kwenye moyo wa mtu kabla hazijafika kwenye karatasi. Zitumie hivyo. Usizisome kana kwamba ni jalada la mahakama.

Februari 1822 Pellico na Maroncelli walisimamishwa juu ya jukwaa Venezia, mbele ya umati, wakasomewa hukumu: kifo, ambacho kwa huruma ya mfalme kimegeuzwa kuwa kifungo kigumu, miaka 15 kwa Pellico na 20 kwa Maroncelli. Mwezi Aprili walifika Spielberg, ngome iliyo juu ya kilima mjini Brno, Moravia (katika Ucheki ya leo), mbali na lugha yao na watu wao. Humo walikuwemo wafungwa wapatao mia tatu, wengi wao wezi na wauaji.

"Kifungo kigumu" halikuwa neno la kutishia tu. Lilikuwa daraja la adhabu lenye masharti yake: minyororo miguuni, kulala juu ya mbao tupu, chakula duni, kazi ya lazima. Kazi zenyewe zilikuwa kupasua kuni, kuchambua nyuzi za kufungia vidonda, na kufuma soksi za sufu. Mwandishi aliyeliza kumbi za Milano anafuma soksi. Suruali ya mfungwa ilikuwa na mguu mmoja wa kijivu na mwingine wa kahawia. Walinzi walikagua chumba asubuhi, jioni na usiku wa manane. Jambo lililotoka kidogo tu nje ya kanuni lilisubiri ruhusa kutoka Vienna.

Mlinzi wao, mzee Schiller, alikuwa Mswisi na askari mstaafu, mwenye sura ya ukali. Pellico alimchukia siku ya kwanza. Baadaye mzee yule alileta kipande cha nyama ya kuchemsha, akitaka ampe mfungwa wake mwenye njaa. Pellico akakikataa, asije mzee akataka kumpa kitu kila siku. Wawili hawa wanavutana juu ya kipande cha nyama, kila mmoja akimlinda mwenzake. Ndipo unapoona, bila kuambiwa, kwamba kanuni iliyoandikwa Vienna imewafunga wote wawili, mmoja ndani ya mlango na mwingine nje yake.

Kisha kuna mhunzi. Siku ya kufungwa minyororo alikuja na nyundo na fuawe, akapigilia misumari ya pingu za miguu. Akamwambia mlinzi kwa Kijerumani, akidhani mfungwa haelewi, kwamba wangeweza kumwondolea kazi hii, maana huyu hana miezi miwili ya kuishi. Pellico akamjibu kwa Kijerumani kwamba na iwe hivyo. Mhunzi alishtuka, akaomba radhi, akamtakia afunguliwe kwa namna nyingine. Hakuna kelele, hakuna laana. Ni fundi aliyekuja kazini akagundua kwamba chuma anachopigilia kina mtu ndani.

Wapo waliokufa. Count Antonio Oroboni, kijana wa miaka ishirini na tisa, ambaye Pellico alizoea kuzungumza naye dirishani kwa sauti ya chini huku askari wa zamu wakiwakemea, alifia Spielberg mwezi Juni 1823. Kutoka chumbani kwake aliweza kuyaona makaburi, na kilichomuuma ni kuzikwa mbali na Italia.

Maroncelli naye alipata uvimbe gotini. Mwaka 1828 ikaonekana hakuna njia ila kuukata mguu, na hata kwa hilo ruhusa iliombwa Vienna. Ukakatwa juu ya goti, zama ambazo dawa ya usingizi ya upasuaji haijapatikana. Kazi ilipokwisha, Maroncelli alimwona daktari mzee ana huzuni. Akamwambia: umeniondolea adui, nami sina cha kukulipa. Dirishani palikuwa na waridi ndani ya glasi. Akamwomba Pellico amletee, akampa daktari. Mzee akalipokea akilia.

Hapo ndipo Ulaya nzima ilipolia pia. Kitabu kilitoka Torino mwezi Novemba 1832, miaka miwili baada ya Pellico na Maroncelli kuachiwa tarehe 1 Agosti 1830. Mwaka 1833 kilikuwa tayari kinasomwa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Fikiria kilisomwa na nani. Mwandiko wa mwanamapinduzi husomwa na wanamapinduzi wenzake pamoja na polisi. Hiki kilisomwa na mapadri, na akina mama wa nyumba za heshima, na watu ambao kwao Austria ilikuwa nguzo ya dini na utulivu. Dola ilikuwa imewaambia kwamba waliofungwa Spielberg ni wapagani wenye majambia mifukoni. Kumbe ni huyu anayesali, anayemwombea hata mfalme? Basi kwa nini alifungwa mnyororo? Pellico halijibu swali hilo wala haliulizi. Analiacha mikononi mwa msomaji, na msomaji hana wa kumpelekea ila Vienna.

Tena Austria haikuwa na jibu. Mtu akikutukana, utamshtaki kwa matusi. Akikusingizia, utaleta ushahidi. Huyu alisema mlinzi alikuwa mwema, daktari alilia, mhunzi aliomba radhi. Watu wote wa dola aliokutana nao aliwatetea mmoja mmoja, hadi ikabaki kanuni peke yake, uchi, bila mtu wa kulaumiwa ila aliyeitunga. Ushahidi wa adui hupunguzwa uzito na uadui wake, na wa Pellico haukuwa na cha kupunguza. Ndiyo maana soksi na waridi viliuma kuliko kifungu cha katiba.

Je, alikusudia? Siamini kwamba alikaa mezani akapanga silaha yenye sura ya sala. Imani yake ilikuwa ya kweli, na padri aliyekuwa akimwungamisha ndiye miongoni mwa waliomhimiza aandike. Kuhusu ule msemo kwamba kitabu kiliigharimu Austria kuliko vita iliyoshindwa, huwekwa kinywani mwa Metternich, waziri wa Austria, lakini usiwape wanafunzi kama nukuu yake. Uwape kama usemi uliozoeleka.

Wazalendo wa wakati wake walikuwa na swali lako hilohilo, na hawakuwa wapole kama wewe. Walimtaka awe bendera. Yeye akaishi Torino kama mtunza maktaba na katibu wa Marchesa Giulia di Barolo, mwanamke tajiri aliyejitolea kuboresha hali ya wafungwa wa kike. (Sijui kama kuna ajira ingemfaa zaidi.) Mwaka 1834 akatoa kitabu cha nasaha kwa vijana juu ya wajibu wa mwanadamu, na tanzia zake za baadaye hazikufikia ile ya kwanza. Vincenzo Gioberti, padri na mwanafalsafa, alimtabarukia kitabu chake kikubwa mwaka 1843, kisha alipowageukia Wajesuiti, shirika la mapadri wa Kikatoliki, kwa ukali, Pellico, ambaye ndugu yake Francesco alikuwa Mjesuiti, akajitenga naye hadharani. Wakamwita mnafiki na mtu wa mapadri. Maroncelli ndiye aliyejaribu kurudisha siasa kwa kuandika nyongeza za kitabu cha mwenzake mwaka 1833. Kisha akavuka bahari kwenda New York, akafia huko mwaka 1846. Nyongeza zake zina habari muhimu ambazo Pellico aliziacha, lakini wasomaji wa kawaida hawakuzikumbatia.

Pellico alifariki Torino tarehe 31 Januari 1854, miaka saba kabla ya Ufalme wa Italia kutangazwa, akazikwa Saluzzo alikozaliwa. Mwaka uliofuata gereza la Spielberg lilifungwa.

Ukitaka kukiingiza darasani, usianze na Metternich. Wasomee kisa cha mhunzi bila kuwaambia ni nchi gani wala mwaka gani, kisha waulize ni nani anayeshtakiwa hapo. Wakishajibu, ndipo uwatandikie ramani ya mwaka 1815.